Tumbo la Nguruwe Halidanganywi

Mvua ndiyo iliyomponza Kiyoyozi. Watu wengine huponzwa na pombe, wengine na mashemeji, lakini yeye alikuwa mtu wa kujiheshimu: alikimbilia kibaraza cha duka la dawa za mifugo ili suti yake isilowe, na hapo akakutana na riziki iliyomtoa jasho kuliko kazi zote halali alizowahi kuzikwepa.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa mjini, kwa sababu mtu angeweza kumfuata anafoka, kashika rungu, anadai haki yake, na baada ya maneno machache ya Kiyoyozi mtu huyo akawa amepoa, ameketi, na pengine amemnunulia soda. Alikwishauza viwanja vilivyokuwa katikati ya barabara. Aliuza madirisha ya nyumba aliyopanga, mwenye nyumba akiwa safarini. Aliuza tiketi za sherehe ambayo hata aliyesemekana kuiandaa hakuwa na habari nayo. Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa, nacho ni mali ya mkewe. Hapo aliweka mpaka, na kwa tapeli kuwa na mpaka si jambo dogo.

Basi akawa amesimama mlangoni mwa duka, anakung'uta mabega, akamsikia mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, akimweleza mteja mmoja aliyekunja uso.

"Ukiwaachisha kunyonya, matumbo yao yanakuwa bado hayajakomaa. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo, kwa macho huvioni. Ndivyo vinavyofyonza chakula. Chukua taulo mpya, inakunywa maji vizuri, si ndiyo? Haya, iliyochakaa je? Mtoto wa nguruwe akitolewa kwa mama yake, zile nyuzi za taulo zinasinyaa. Anakula, chakula hakiingii mwilini, anaharisha, anakufa. Ndiyo maana tunawapa amino asidi, hasa hii wanayoiita glutamini. Hiyo ni chakula cha utumbo wenyewe."

"Na bei yake ni chakula changu mimi," mteja alinung'unika. "Kila mfugaji wa mji huu analia na nguruwe kuharisha, na nyie ndiyo kwanza mnapandisha."

"Bei ninaijua, kaka, lakini..."

Kiyoyozi hakuisubiri hiyo "lakini". Masikio yake yalikuwa yamenasa kwenye maneno mawili tu: kila mfugaji. Akalirudia chinichini na lile neno jingine, amino asidi, akaona lina mlio mzuri, mlio wa kitu ambacho huwezi kukiuliza maswali bila kuonekana mshamba. Mvua ikakatika, naye akaondoka zake. Laiti ingenyesha kidogo tu zaidi! Angemsikia yule mama akisema kwamba majuma mawili ya kwanza baada ya kuachishwa ziwa ndiyo mabaya kuliko yote katika maisha ya nguruwe, ukiacha lile juma la mwisho.

Kiwanda kilifunguliwa siku hiyohiyo jikoni kwake, mkewe akiwa ametoka kusambaza mikate madukani. Malighafi ilikuwa unga wa mahindi, glukosi kidogo, na rangi ya manjano ya kupambia keki. Alikoroga kwa mwiko, akajaza kwenye pakiti zinazong'aa, akabandika lebo aliyochapishiwa na rafiki yake: AMINO DHAHABU, na chini yake picha ya nguruwe anayetunisha misuli. Picha ile ilimfurahisha sana. Nguruwe mwenyewe alikuwa na sura ya mtu aliyemaliza chuo.

Tatizo lilikuwa usafiri. Daktari wa mifugo hawezi kufika kwa mteja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Na chombo pekee kilichokuwa nyumbani ni pikipiki ya mkewe, ile iliyobeba kreti la mikate, iliyowalisha wote watatu, baba, mama na mtoto wao mdogo.

"Pikipiki yako ina mlio siupendi," alimwambia mkewe. "Ngoja niipeleke kwa fundi. Kesho inarudi."

"Mlio gani? Mimi mbona siusikii?"

"Ndio mlio mbaya huo. Ule usiosikika."

Mkewe alimtazama, akatazama pikipiki, akampa ufunguo. Alikuwa mwanamke mwenye akili timamu, ila alikuwa na mtoto mgongoni na mikate inayopoa.

Mteja aliyemlenga hakuwa wa kubahatisha. Tapeli wa kiwango chake hapotezi mate kwa mwenye nguruwe wawili. Alimlenga Mama Mzani, mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye safu mbili za mabanda nyuma ya gereji za pembezoni mwa mji. Aliitwa hivyo kwa ajili ya mzani wa chuma ulioning'inia katikati ya mabanda yake, ambao aliuamini kuliko ndugu na majirani. Ilisemekana hata kijana aliyekuja kumposa bintiye alipandishwa kwanza kwenye mzani.

"Shikamoo, mama," alisema Kiyoyozi, akivua kofia ya pikipiki taratibu ili koti lake jeupe lionekane vizuri.

"Marahaba, daktari. Karibu."

Daktari! Koti lilikuwa limefanya kazi kabla ya mdomo. Kiyoyozi akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza kupuliza.

"Mama, nguruwe wako wanakula?"

"Wanakula sana."

"Hapana, mama yangu. Wanatafuna. Anayekula ni utumbo. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo, mama, vimejipanga vizuri. Mtoto akiachishwa ziwa vinalala. Vikilala, mfugaji naye halali. Sasa amino asidi inakwenda kule ndani, inaviamsha kimoja baada ya kingine. Amka! Amka! Chakula kimefika!"

"Yaani kimoja baada ya kingine?" Mama Mzani aliuliza, mdomo wazi.

"Kimoja baada ya kingine. Hakibaki hata kimoja."

Mama Mzani akafungua pakiti, akachovya kidole, akaonja. Akafumba macho kwa muda.

"Mh," alisema. "Hii kali. Umeshamwonyesha mtu mwingine?"

"Nimeanzia kwako."

"Usimwonyeshe mtu. Nataka niwe wakala peke yangu mji mzima. Yule mfugaji wa ng'ambo ya mtaro asipate hata kijiko. Nguruwe wake waharishe huku ananusa dawa kwangu."

Moyo wa Kiyoyozi ulicheza ngoma. Hakuna kinachomburudisha tapeli kama kukutana na mtu mwenye roho mbaya. Mtu mwema humtia haya kidogo, lakini mchoyo humfanya ajione kama mhubiri aliyetumwa kumrudi. Alianza hata kumsikitikia Mama Mzani, namna anavyosikitikiwa mgonjwa anayepelekwa chumba cha upasuaji.

"Ila mimi naamini mzani," aliendelea yule mama. "Na una bahati, mwanangu. Leo hii asubuhi nimewatenga watoto kumi na mmoja na mama yao. Walee kwa dawa yako majuma mawili. Mzani ukikubali, nachukua mzigo wako wote, taslimu, na ule utakaoleta baadaye pia."

"Mzani utakubali, mama. Utakubali wenyewe bila kulazimishwa."

"Na akifa hata mmoja?"

"Hafi mtu hapa!"

"Basi hutaona ubaya kuniachia hiyo pikipiki. Wakiwa wazima unaichukua. Akifa mmoja, inabaki."

Kiyoyozi aliitazama pikipiki. Kreti la mikate alikuwa amelifunika kwa kitambaa cheupe, na kwa mbali lilifanana na sanduku la dawa. Dhamiri yake, ambayo haikuwa na mazoea ya kuitwa ghafla, ilikuja ikihema. Lakini akaijibu vizuri tu: hauzi, anaweka rehani. Tofauti kati ya kuuza na kuweka rehani ni kubwa, hasa kwa mtu anayeitafuta. Na kwani nguruwe anakufaje ndani ya majuma mawili? Mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku hujiuliza maswali ya namna hiyo.

Akatoa ufunguo.

"Na mfanyakazi wangu nimempa likizo," Mama Mzani akasema, akiutia kwenye mkoba wake. "Mwenye dawa ndiye ajuaye kipimo. Utakuwa unakuja mwenyewe."

Siku ya pili watoto wa nguruwe walilia mchana kutwa wakimtafuta mama yao. Siku iliyofuata hawakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kiyoyozi aliwakuta wamejibana kwenye kona moja, mikia imelegea, na sakafu imegeuka rangi ambayo si ile ya keki peke yake iliyoileta. Mdogo kuliko wote, aliyemwita Mheshimiwa kwa sababu alipenda kukaa juu ya migongo ya wenzake, sasa alikuwa chini, kalala ubavu, anamtazama kwa jicho moja.

"Pole, daktari," ilisema sauti ya upole nyuma yake. "Naona vinyweleo havijaamka."

"Ni... ni dawa inasafisha kwanza, mama. Inasafisha njia."

"Inasafisha kweli." Mama Mzani akachungulia nje. "Hivi ile pikipiki, taa yake ya nyuma inawaka?"

Kiyoyozi alitoka pale mbio. Alipita kwenye gereji, akapita sokoni, koti jeupe linapepea, watu wakimpisha wakidhani kuna mtu anakata roho mahali. Hakuwa anafikiria mzigo tena, wala taslimu. Alimfikiria mkewe. Asubuhi ile alimwona akitoka na kapu la mikate kichwani na mtoto mgongoni, akaulizwa, "Fundi anasemaje?" akajibu, "Anasubiri kipuri." Na jana jioni alimkuta amechovya miguu kwenye beseni la maji, imevimba. Jambo hilo liliuma. Lilimuuma hasa, na hakuwa na wa kumuuzia maumivu hayo.

Yule mama mwenye miwani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umewapa nini hao watoto?"

"Unga... unga tu."

"Unga wa mahindi mtupu? Kwa matumbo yaliyokuwa yananyonya juzi?" Akatikisa kichwa, akaanza kushusha vitu rafuni. "Huo unga acha leo hii. Hii ni glutamini na amino asidi nyingine, utachanganya kwenye uji wao wa maziwa na yai. Hii ni chumvi ya kuchanganya na maji, wape wanywe, wamekauka. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi, usiwajazie. Nunua taa ya joto. Tandika vumbi la mbao, kavu, ubadilishe kila siku. Vyombo vya maji visugue. Dawa peke yake haitafanya kitu kwenye banda chafu lenye baridi, umenisikia?"

"Nimesikia, dada. Na bei?"

Akatajiwa. Kiyoyozi akashika meza. Alijaribu kupuliza kidogo, akaanza na "Dada yangu, sura yako tu inaonyesha..." lakini yule mama alimtazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake maneno yalimrudia mwenyewe. Akalipa yote. Hela aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kupanua kiwanda ikaishia pale kaunta, ikabaki ya taa na maziwa tu.

Kisha akakaa nyuma ya gereji, akafungua pakiti zake zinazong'aa moja moja, akamwaga unga wa manjano mtaroni, akazijaza dawa halisi. Na hapa tusimame kidogo kwa heshima. Tangu utapeli uingie duniani, watu wameweka vitu bandia ndani ya pakiti za kweli. Kiyoyozi alikuwa wa kwanza kuweka kitu cha kweli ndani ya pakiti bandia, tena kwa hasara yake mwenyewe.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kuanzia siku hiyo, mtu ambaye hakuwahi kuliona jua likichomoza ila pale alipochelewa kulala alikuwa bandani kabla ya jogoo wa jirani. Alipika uji. Alisugua vyombo. Alibeba magunia ya vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, wakimwita daktari na kucheka. Alimnywesha Mheshimiwa kwa kijiko, kidogo kidogo, akimbembeleza kwa maneno matamu yaliyokwishawaliza wanunuzi wa viwanja. Nyumbani alichukua blanketi moja dogo lililokuwa limekunjwa kabatini, akamtandikia chini ya taa. Baridi ikizidi alilala kifudifudi juu ya vumbi la mbao na kuwazibia upepo kwa mgongo wake.

Mheshimiwa akanyanyua kichwa. Kesho yake akasimama. Siku iliyofuata akapanda mgongo wa mwenzake, na Kiyoyozi, ambaye aliwahi kula kiapo cha uongo mbele ya umati bila kupepesa, alijikuta anafuta machozi kwa mkono wa koti.

"Wameharisha?" Mama Mzani alikuwa akiuliza kila akipita.

"Hawajaharisha!" alijibu kwa fahari ya mzazi.

Majuma mawili yakatimia. Watoto wakapandishwa kwenye mzani mmoja mmoja, wanapiga kelele, wamenona, ngozi zinang'aa. Kila mshale wa mzani ulipozunguka, Mama Mzani aliguna. Alipomaliza na Mheshimiwa, aliyetaka kurudi kupimwa tena, alikaa kwenye ndoo yake na kujipepea.

"Sijawahi kupata watoto wazuri hivi," alisema. "Wote wazima, wote wazito. Wanunuzi wanakuja kesho, na bei nitataja mimi. Chukua ufunguo wako, mwanangu. Pikipiki yako iko pale, nimeipangusa."

Kiyoyozi aliupokea ufunguo, akavuta pumzi, akarekebisha kola. Saa ya mavuno ilikuwa imefika.

"Mungu mkubwa, mama. Sasa tuje kwenye mzigo."

"Mzigo upi?"

"Amino Dhahabu. Uwakala. Taslimu."

"Ahaa. Ule unga wa mahindi?"

Nguruwe mmoja akakohoa.

"Niliuonja siku ile ya kwanza," Mama Mzani akasema, bila hasira hata kidogo. "Unga wa mahindi na sukari. Rangi sikuitambua."

"Ya keki," Kiyoyozi alijibu, maana hapakuwa na faida ya kuficha tena. "Lakini mama, kama ulijua, kwa nini usinifukuze?"

"Nikufukuze? Na watoto wangu angelea nani?" Akamsogelea, akamshika bega kama anayemfundisha mwanawe. "Sikiliza. Mfanyakazi wa mshahara, mtoto akifa, anasema ni kazi ya Mungu, na mshahara anapokea. Hawezi kuja alfajiri. Hawezi kulala bandani. Lakini tapeli? Tapeli hawezi kukubali mtoto afe. Tapeli atanunua maziwa kwa hela yake. Kwa hiyo kila nikiachisha watoto, mfanyakazi nampa likizo, nangoja. Mji huu haukosi mtu wa kuja na pakiti. Kabla yako alikuja wa maji ya baraka, na kabla yake wa sumaku ya kufunga shingoni. Wewe umewapita wote."

"Na... na dawa niliyonunua dukani?"

"Kwa mwenye miwani? Ile ni nzuri kabisa, halali. Yule ni mdogo wangu, tumbo moja. Alinipigia simu mara tu ulipotoka dukani. Alisema ulilipa bila kulia, akakusifu."

Kiyoyozi alitafuta hasira ndani yake, akaikosa. Alichokipata kilifanana zaidi na heshima. Alijaribu kusema atashtaki, akajisikia mwenyewe akimweleza polisi jambo lenyewe tangu mwanzo, akaacha. Akawasha pikipiki. Mfuko ulikuwa mtupu, mgongo unauma, lakini pikipiki ilikuwa chini yake, nzima, na kila ilivyokaribia nyumbani ndivyo moyo wake ulivyokuwa mwepesi. Mkewe atapata chombo chake. Angalau hilo halikupotea.

Akapiga honi mlangoni.

"Imepona, mke wangu! Kipuri kimefika!"

Mkewe alikuwa amekaa kizingitini, mtoto mapajani. Hakuitazama pikipiki.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke uliyezaa naye."

"Mwanamke gani tena?"

"Usinipulizie leo! Kila alfajiri unatoka na maziwa, na siku za baridi hulali hapa. Mayai nayakuta mfukoni mwako. Taa ya joto umenunua, mwenye duka la umeme kanisifia mume wangu anavyojali. Blanketi la mtoto limetoka kabatini kwa miguu yake. Na jana umesinzia kwenye kiti, ukacheka usingizini, ukasema, 'Leo hawajaharisha.' Hawajaharisha! Kumbe si mmoja! Ni wangapi?"

"Kumi na mmoja," alijibu Kiyoyozi kabla hajafikiri.

Mkewe akashika kichwa.

"Kumi na mmoja!"

"Ni nguruwe, mke wangu. Nakuapia. Ni nguruwe watupu!"

"Umewazaa, halafu unawatukana!"

Hapo Kiyoyozi aliona ubaya wa ukweli. Uongo wake wote nyumba ile ilikuwa imeupokea na kuupa kiti. Ukweli wa kwanza aliouleta ulifungiwa mlango. Alieleza tangu mvua, vinyweleo, koti, mzani, na kila alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kuwa hadithi mbovu kuliko zote alizowahi kutunga.

"Nipeleke nikawaone," mkewe akasema, akipanda nyuma na mtoto.

Walifika bandani Mama Mzani akifagia. Kiyoyozi hakuhitaji kusema neno. Watoto wa nguruwe walimsikia anakohoa tu, wakaja kwa kishindo, wote kumi na mmoja, wakagombania miguu yake, na Mheshimiwa akauma upindo wa suruali na kuuvuta. Mtoto wa mkononi alipiga makofi kwa furaha. Mkewe alitazama nguruwe, akamtazama mumewe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikilia ukutani, Mama Mzani naye akacheka, na Kiyoyozi akacheka kuliko wote kwa jinsi alivyopata nafuu.

Kisha mkewe akaliona blanketi chini ya taa. Akaacha kucheka.

"Huyu hapa alipoachishwa ziwa," alisema polepole, akimpakata mtoto vizuri, "aliharisha juma zima. Nilibeba mikate, nikambeba na yeye. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazi gani?"

Mama Mzani aligeuka na kuanza kupangusa mzani ambao haukuwa na vumbi. Kiyoyozi alifungua mdomo. Mle ndani mlikuwa na maneno ya kila aina, ya wenye hasira, wenye tamaa, wenye haraka. Neno la mwanamke huyu halikuwamo. Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto, akatazama chini kwenye vumbi la mbao.

Mkewe hakungoja jibu. Alimwekea mtoto mikononi, akachukua ufunguo mfukoni mwa koti jeupe, akaenda kung'oa kile kitambaa kwenye kreti lake.

"Mikate ya jioni inanisubiri," alisema. "Mlishe mwanao. Mikono kumbe unayo."

Akawasha, akaondoka. Mtoto alimtazama baba yake kwa muda, akakunja uso, akaanza kulia, kilio cha njaa, na nguruwe nao wakaitikia. Kiyoyozi alimtikisa huku na huku. Halafu akatoka mbio mpaka barabarani, mtoto kifuani, akapaza sauti kuelekea kwenye vumbi la pikipiki iliyokwisha kukunja kona.

"Mama mtoto! Mama mtoto, huyu anakula nini?"